Sala za Wazazi kwenye Uwanja wa Mpunga

Jumatatu ya kwanza baada ya kuagwa kazini niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikavaa viatu, nikatundika begi begani, nikafika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba sina kipindi. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Basi, kwa kuwa begi lilikuwa tayari begani, nikatoa daftari nikaanza kuwaandikia ninyi, makatekista vijana mliopokea vipindi vyangu. Habari za vyeo sitawaambia, kwa sababu katekista hana cheo. Za mshahara pia sitawaambia, kwa sababu hiyo hiyo. Nitawaambia habari za kazi yenyewe, na zaidi ya yote habari za wazazi wanaoombea watoto wao walindwe, maana hilo ndilo jambo ambalo hata leo siwezi kulisimulia nikiwa nimekaa. Nasimama! Waulizeni wanangu.

Nilianza miaka michache baada ya ile miaka mibaya ya mauaji tunayoijua sote, wakati familia zilikuwa zinarudi moja moja, nyingine zikiwa pungufu. Paroko alinikabidhi kwa Mzee Kalisti wa Nzahaha anifundishe kazi. Mzee huyo alikuwa na baiskeli isiyo na breki; breki zilikuwa soli za viatu vyake, na kwenye miteremko yetu soli zilikuwa hazidumu. Siku ya kwanza tulikwenda Gitambi. Nilikuwa nimeandaa somo la kurasa nne juu ya sakramenti, nimeandika kwa kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Watoto kumi na mmoja walikuwa wamekaa juu ya matofali wakitusubiri. Mzee Kalisti alizichukua zile kurasa zangu nne, akazikunja, akazitia mfukoni mwake.

"Anza na majina," akaniambia.

Kipindi kizima kikaishia kwenye majina. Unaitwa nani, nani alikupa jina hilo, ubatizo wako ni wa mtakatifu gani, mama anaitwaje, nani amebaki nyumbani leo. Nilidhani mzee ananichezea. Tuliporudi, yeye akisukuma baiskeli na mimi nikisukuma hasira zangu, aliniambia: "Kesho utabaita batoto kwa majina yao. Utaona namna batakusikiliza." Kesho yake niliona. Kurasa zangu hakunirudishia kamwe, na nilipomuuliza miaka baadaye alisema alizitumia kuwashia moto siku ya mvua. Alisema ziliwaka vizuri.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Begi la kaki, daftari la mahudhurio, vipande vya chaki, rozari mbili kwa sababu moja lazima ikatike, na chupa ya maji ya baraka ambayo zamani ilikuwa ya dawa ya kikohozi. Nawaombeni sana, bandueni karatasi ya dawa kwenye chupa. Mimi sikuibandua, na bibi mmoja wa Gitambi akanywa nusu nikiwa nje naagana na wajukuu. Alisema kikohozi kimepona, nami sikubishana naye.

Kitu kingine alichonionyesha Mzee Kalisti hakihitaji begi. Kila nyumba tuliyopita, kabla ya kuaga, alimwomba mzazi amwekee mtoto alama ya msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba. Alitaka wafanye hivyo kila asubuhi, mtoto anapotoka kwenda shule au shambani: kidole gumba, msalaba mdogo, "Mungu akulinde," basi. Wazazi wengine walimlalamikia kwamba ni sala fupi mno. "Batoto banachelewa masomo," aliwajibu. "Ile ndefu utaiomba akiisha kwenda." Mimi nilikuwa kijana na mwenye bidii. Moyoni niliona kidole gumba ni kitu kidogo mno kwa hatari kubwa namna ile.

Miguu ya Mzee Kalisti ilipokataa baiskeli, nikapewa kigango cha Bugarama. Ninyi mliozaliwa kule juu kwenye baridi, chukueni kofia na kitambaa cha jasho. Ni tambarare, joto linaanza kabla ya masomo ya misa, na kazi ni mpunga: kupanda, kuvuna, kukausha, kukoboa. Watu wengi kigangoni walikuwa na ndugu Bukavu, katika nchi jirani, Kiswahili ndicho tulichotumia kusali, na malori ya kwenda Ruhwa, mpakani na Burundi, yalipita mbele yetu mchana kutwa. Wazazi walinifuata kila mmoja na hofu yake. Huyu mwanawe haonekani nyumbani, huyu bintiye anakesha na simu, yule mwanawe ameonekana kwa mganga akitafuta dawa ya kufaulu mtihani. "Mwalimu, utuombee batoto," walisema. Nami niliwajibu kwamba mtoto ana malaika mlinzi wake, na baada ya malaika anayefuata ni mzazi. Katekista yuko mbali sana nyuma kwenye mstari.

Hapo ndipo nilipopata wazo la Alhamisi saa tisa alasiri. Akina mama wasingeweza kuuacha mpunga juani waje kanisani, basi nikahamishia sala kwenye uwanja wa kukaushia, jirani na kinu. Alhamisi ya kwanza walikuja wanne. Ya tatu nilishindwa kujua ni wangapi, kwa sababu wengine walikuwa wanasali huku wanatembea, wakigeuza mpunga kwa miguu juu ya maturubai, ambayo wao waliyaita shitingi. Fungu moja la rozari, sala kwa malaika mlinzi, sala kwa Mikaeli Malaika Mkuu, kisha kila mzazi anaomba kwa maneno yake. Furaha niliyokuwa nayo! Nilikuwa natoka nyumbani saa saba kwa jambo la saa tisa. Mafundi wa kinu walizima mashine ili wasikie, na jirani zetu Waislamu waliokausha mpunga upande wa pili walinyamaza mpaka tumalize, kisha wakatuuliza habari za watoto waliotajwa.

Maana walitajwa, na kosa hilo ni langu peke yangu. Nilikuwa nimetoka semina ya siku tatu Kamembe, na njiani kurudi nikajitungia kanuni yangu. Mtoa semina msimlaumu. Kanuni ilikuwa: taja jina la mtoto, taja na hatari yake. Niliwaambia wazazi, "Ukienda kwa daktari huwezi kusema naumwa, ukanyamaza. Unaonyesha ni wapi." Waliipenda sana. Papa Bosco, fundi wa kinu, alitangulia kwa kumtaja mwanawe kwamba anazurura mpaka giza linaingia. Maman Zawadi, ambaye hakuna habari Bugarama iliyompita bila kumsalimu, alihudhuria kila Alhamisi bila kukosa hata moja. Nilidhani ni ibada.

Sasa nawaletea Maman Clarisse. Alikuwa mjane, kazi yake kukausha mpunga wa watu, sauti yake ilisikika hadi barabarani. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Clarisse, wa miaka kumi na saba, mwanafunzi wangu wa kipaimara. Ndiye aliyeniuliza maswali ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyakwepa tangu ujana. Nilimpenda na nilimwogopa kidogo.

Alhamisi moja wakati wa Kwaresima, Maman Clarisse alipiga magoti ukingoni mwa turubai, akafungua mikono.

"Bwana Yezu, umulinde Clarisse wangu na ule shofere wa kamyo, ule wa kofia nyekundu, anasimamaka pale kwa njia ya Ruhwa. Umutoe mu mikono yake, Bwana! Niko na ule mutoto mumoja tu."

Machozi yalimtoka. Tukaitikia sote, mimi kwa sauti kuliko wote: "Bwana, utusikie."

Sijui Bwana alisikia saa ngapi. Bugarama nzima ilisikia habari za dereva wa lori kabla rozari hazijarudi mifukoni. Kesho yake Clarisse alipokwenda bombani kuchota maji, wasichana wenzake walimwona akija, wakajipanga mstari na kuitikia kwa pamoja, "Bwana, utusikie!" Aliweka ndoo chini ikiwa tupu. Jumamosi akachukua nguo zake na kwenda Bukavu kwa shangazi yake, bila kumuaga mtu.

Jumapili Maman Clarisse alinikuta mlangoni mwa kanisa. Ile sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha.

"Mwalimu, tuliomba muzuri, si vile? Jina nilitaja. Hatari nilitaja. Sasa juu ya nini mutoto ameenda?"

Nilimjibu kwamba shetani amekasirika kwa sababu sala ilikuwa kali. Ndiyo, nilisema hivyo, mimi mwenye vyeti viwili vya semina. Naliandika hapa kwa aibu, ili mkijikuta mnafungua mdomo kusema neno la aina hiyo, mkohoe badala yake. Alikwenda Bukavu mara mbili kumfuata. Mara zote mbili Clarisse alijifungia ndani, na mama akarudi na vile vitumbua alivyombebea.

Nilikwenda Nzahaha kwa Mzee Kalisti. Alikuwa amekaa kwenye kibao mbele ya nyumba, miguu juu ya gunia. Nilimsimulia yote, hata habari ya shetani, na alisikiliza mpaka mwisho bila kunisaidia hata kwa "mm".

"Uende Bukavu," akasema. "Hapana kubeba begi."

"Bila Biblia, Mzee?"

"Bila kitu. Ukibeba begi utafundisha."

Nilikwenda mikono mitupu, na sikujua niiweke wapi. Mtu aliyebeba begi miaka mingi, bega lake moja linabaki limeinuka. Nyumba ya shangazi iko kwenye mteremko, ngazi za udongo mpaka chini. Clarisse alikuwa kwenye baraza anachekecha unga wa muhogo. Hakuinuka.

"Mwalimu, umekuya kuniombea?"

"Hapana. Nimekuja kukusikiliza. Hata begi sikubeba."

Alitazama mikono yangu, akatazama bega langu, akatabasamu kidogo sana. Kisha akaendelea kuchekecha, na akaanza kusema bila kunitazama.

"Ule shofere alikuwa ananitaka, ni kweli. Mi nilimukatalia. Juma mbili mbele ya ile Alhamisi yenu. Nilimukatalia mbele ya benzake, akarudisha kofia yake ku kichwa akaenda. Ile siku nilijisikia mukubwa, Mwalimu! Nilirudi nyumba ninacheka mwenyewe njiani. Nilitaka kumwambia maman, lakini nilingoja aniulize."

"Hakukuuliza?"

"Maman anauliza Mungu. Mi hapana."

Nilikaa kwenye ngazi. Yule binti alikuwa ameshinda vita yake mwenyewe, peke yake, bila kulia wala kupiga kelele, na sisi majuma mawili baadaye tukamtangaza kuwa ameshindwa, tukaitikia na kuitikia. Alhamisi ile tungepaswa kushukuru! Tungepaswa kuchinja kuku! Lakini hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

"Ni mimi niliyemfundisha mama yako," nikamwambia.

"Ninajua. Maman hakuwa na kanuni mbele wewe umufundishe."

Nilimwomba msamaha. Nikamuuliza, kwa kuwa nilikuwa sijui niseme nini kingine: "Sasa Clarisse, unataka tukuombee nini?"

Chekecheo lilisimama. Akaniangalia moja kwa moja, macho yamejaa, na nikaona kwamba swali hilo lilikuwa geni kabisa kwake.

"Hakuna muntu aliniulizaka vile," akasema. "Lakini hapana wewe, Mwalimu. Mi nataka ni maman aniulize."

Nilimkumbusha kwamba kipaimara kimebaki majuma sita. Akasema kinaweza kungoja. Kweli kilingoja, alikipata mwaka uliofuata. Roho Mtakatifu hakuwa na haraka, mwenye haraka nilikuwa mimi.

Nawaambieni, nilipanda zile ngazi kama msichana! Kwenye daraja la mpakani nilikuwa nasema peke yangu kwa sauti, na watu waliobeba mizigo wakanipisha. Miaka yote hiyo nilikuwa nimewafundisha wazazi wamweleze Mungu habari za watoto ambazo wao wenyewe hawakuzijua. Tuliwatafutia watoto ulinzi bila kujua waliumia wapi. Ilikuwa rahisi namna hiyo, na ilikuwa mbele ya macho yangu tangu ile siku ya majina Gitambi.

Alhamisi iliyofuata sikuanza na rozari. Nilisimama juu ya turubai, nikawaeleza kwamba kanuni yangu ilikuwa mbaya na nikawaomba radhi wote. Maman Clarisse nilimwomba radhi wa kwanza, mbele yao. Kisha nikawapa kanuni nyingine. Hapa uwanjani tutataja jina la ubatizo la mtoto, hilo tu. Mengine Mungu anayajua. Na kabla ya kuja hapa, kila mzazi akae na mtoto wake, mmoja mmoja, amuulize: nikuombee nini? Akishauliza anyamaze. Asijibu, asishauri, asikaripie.

Papa Bosco alisimama. "Mwalimu, muzazi anauliza mutoto? Tangu wakati gani?"

"Tangu leo, Papa Bosco."

"Na akisema ujinga?"

"Unaombea huo ujinga."

Walicheka, lakini walitazamana. Kwetu mzazi anaagiza, na mtoto anaitika. Nilikuwa nawaomba wageuze nyumba zao juu chini, na nilijua hivyo, kwa sababu jioni ile nilikaa mbele ya wanangu mwenyewe nikaanza kwa kuwauliza kama wamenawa miguu. Binti yangu mdogo aliomba viatu, na mwalimu wake wa hesabu augue, kidogo tu. Fabrice, mkubwa, alitazama mlango kwanza.

"Maman, uombe usikuwe unanigombeza mbele ya batu nikitoka masomo."

Nilifungua mdomo kumweleza kwa nini huwa namgombeza. Nikaufunga. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya katika huduma hii, na nimewahi kuvuka mto uliofurika na daftari la ubatizo kichwani.

Alhamisi iliyofuata, jamani! Mpunga haukugeuzwa. Kila mmoja alitaka kusema, wakakumbuka hawaruhusiwi kumwaga siri za watoto, basi wakawa wanashikana mikono na kurukaruka kama wanakwaya walioshinda kombe. Mama mmoja alikuwa amegundua kwa nini mwanawe wa darasa la tatu aliumwa tumbo kila Jumatatu: kulikuwa na wakubwa waliomvizia njiani. Alikuwa amemwombea tumbo miezi mingi. Sasa alikuwa amekwisha kuzungumza na shule, na mtoto amekula. Papa Bosco alisubiri wengine wamalize. Alivua kofia.

"Hii nitaisema, juu ni yangu, hapana ya mutoto. Alisema: papa, uombe ukuwe unafika nyumba mbele ya chakula kupoa. Mi nilikuwa nasema hapa kila juma yeye anazurura. Alikuwa anatoka kunitafuta."

Mama mmoja alianza wimbo kwa sauti ya chini, na tukaufuata.

Maman Clarisse pekee alikuwa amekaa pembeni. Wenzake wote walikuwa na mtu wa kumuuliza. "Mi nitauliza mulango?" aliniambia. "Mulango ya shangazi yake iko inafungwa nikifika." Nikamwambia safari hii tutakwenda wawili, na asibebe vitumbua.

Kutoka Bugarama mpaka Kamembe, na kutoka Kamembe kushuka mpakani, alikuwa anafanya mazoezi. Nilimsikia akitikisa midomo: "Nikuombee nini. Nikuombee nini, mutoto yangu. Hapana. Clarisse, nikuombee nini." Afisa wa mpaka alichukua kitambulisho chake na kumuuliza anakwenda kufanya nini Bukavu.

"Kuuliza mutoto yangu neno moja," akajibu.

Afisa alitutazama, akatutolea karatasi zetu. Nadhani hakuna nafasi ya jibu hilo kwenye fomu.

Kwa shangazi, mlango ulifungwa kama alivyosema. Nilibaki kwenye ngazi, hatua chache nyuma. Maman Clarisse hakubisha hodi kwa nguvu kama kawaida yake. Alikaa chini kwenye baraza, mgongo kwenye mlango, na kwa ile sauti ambayo mimi nilikuwa sijui kama anayo, sauti ndogo, akasema: "Clarisse. Sikukuyaka kukurudisha. Nimekuya kukuuliza. Unataka nikuombee nini?" Kisha akanyamaza. Nilihesabu Baba Yetu tatu nzima moyoni, na hakuongeza neno. Nilijua inamgharimu nini.

Mlango ulifunguka, naye akaanguka kidogo kinyumenyume, miguuni kwa bintiye.

"Uombe nirudi nyumba," Clarisse akasema, analia, "na muntu asiniulize kitu. Batu ba bomba, batu ba mpunga, hakuna. Hata wewe, maman."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Mama akafikiri. Nikaona maswali yote ya majuma yale yakipita usoni mwake: dereva, nguo, chakula, ulilala wapi. Akayameza.

"Sawa," akasema. "Nitaomba ile." Akainuka, akamwekea msalaba kwenye paji kwa kidole gumba, nasi tukaondoka. Clarisse hakusema atarudi lini. Alisema tu hatasema siku.

Basi ikaja kazi ngumu kuliko hata ile ya kufunga mdomo wangu: kufundisha uwanja mzima wa Bugarama kunyamaza! Niliwaeleza Alhamisi kwamba kuna mtoto mmoja ameomba sala, na kwamba sala yake haisemwi, inafanywa. Siku atakapoonekana barabarani, hakuna kumuuliza alikuwa wapi, hakuna kumkazia macho, hakuna vigelegele, na hakuna "pole". Nilirudia mara tatu nikimtazama Maman Zawadi. Jirani zetu Waislamu walisogea kusikiliza, na mmoja wao akasema nao watakuwemo, maana mtoto ni wa wote. Papa Bosco alichukua jukumu la mafundi. Kwa wasichana wa bombani nilikwenda mwenyewe, na huko, nakiri, begi nilibeba.

Hatukujua ni lini. Majuma matatu yalipita. Kila msichana mwenye furushi aliyetokea barabarani, uwanja ulishtuka. Mioyo ilikuwa juu, ninyi! Maman Clarisse aliugeuza mpunga huo mpaka nikaogopa utachakaa. Mimi nilimwambia paroko kwamba wengine wote nawaamini, ila Maman Zawadi. Ulimi wake ndio uliompeleka Clarisse Bukavu, hilo tulilijua sote, na yeye pia alilijua.

Ilikuwa Jumanne, mchana, wingu jeusi limeinama juu ya vilima vya Gitambi. Sikuwa na kipindi. Nilikuwa nimepita tu kununua mchele. Clarisse alitokea upande wa barabara, ndoo kichwani, furushi ndani ya ndoo. Alikuwa anatembea taratibu, macho chini, kama mtu anayevuka ubao mwembamba. Ili afike kwao ilikuwa lazima apite katikati ya uwanja, mbele ya wote.

Kinu kilizimwa. Wanawake wote waliinama juu ya mpunga, na miguu ikaendelea kugeuza. Mama yake alikuwa katikati, anamtazama, ngumi zimefungwa, midomo imebanwa hadi imepauka. Hakusogea. Clarisse alipita turubai la kwanza, akapita la pili. Tone la kwanza la mvua lilinigonga mkononi. Ndipo Maman Zawadi aliponyoosha mgongo, akaweka mikono kiunoni, akafungua mdomo, nami nikashika rozari yangu mfukoni kwa nguvu zote.

"Clarisse!" akaita. "Kamata shitingi ule upande, mvua inakuya!"

Clarisse akatua ndoo. Akakimbia, akakamata pembe ya turubai, na mama yake akakamata nyingine, wakaanza kukunja.